Maveterani wapimwe moyo kwanza, jezi baadaye

JIONI ya Jumapili pale Makongolosi, wilayani Chunya, maveterani hawakosi uwanjani. Kuna aliyetoka duarani, kuna mwenye karasha, kuna muuza duka na mwalimu. Vitambi vimebanwa ndani ya jezi, kelele nyingi, na kila mmoja anaamini bado anaupiga mwingi.

Ni jambo zuri. Mpira unamtoa mtu kwenye kiti cha baa. Lakini kuna swali ambalo hakuna nahodha anayeuliza wakati wa kupanga kikosi: moyo wa huyu namba tisa wa miaka 48 uko sawa?

Ikitajwa habari ya moyo uwanjani, mashabiki humkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka na kufariki mjini Lyon, Juni 26, 2003, akiwa na miaka 28. Msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kawaida. Kwa vijana, kasoro za aina hiyo, nyingi za kurithi au za kuzaliwa nazo, ndizo huua. Nwankwo Kanu alipona. Vipimo vya Inter Milan mwaka 1996 vilionyesha valvu yake ina tatizo, akafanyiwa upasuaji, baadaye akawatesa mabeki akiwa Arsenal.

Kwa aliyevuka miaka 35, adui mkubwa ni mwingine: kuziba kwa mishipa inayolisha moyo wenyewe. Mafuta hujijenga ndani yake taratibu, miaka na miaka, mara nyingi bila maumivu yoyote. Siku utando huo ukipasuka, damu inaganda hapo hapo na mshipa unaziba. Mbio za ghafla baada ya wiki nzima ya kukaa zinaongeza hatari hiyo.

Watasema, "Sisi tunacheza kila wiki, tuko fiti bwana." Iker Casillas naye alikuwa fiti. Kipa huyo bingwa wa dunia wa 2010 alipata shambulio la moyo akiwa mazoezini Porto, Mei 1, 2019, na miaka yake 37. Alihudumiwa haraka, akakimbizwa hospitali, akapona. Lakini hakucheza tena mechi ya mashindano. Sasa mtu wa Makongolosi, mwenye zaidi ya kilomita 100 kufika Mbeya mjini, anategemea nini? Kumwagiwa maji kichwani?

Dawa yake ni kuwahi. Si kila veterani apelekwe CT scan, huko ni kutupa hela. Aanze na presha, sukari, mafuta kwenye damu na uzito. Aulizwe kama anavuta sigara, na kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo.

Atakayekutwa na hatari aende hospitali ya rufaa. Huko atapimwa ECG, ila asishangilie mapema ikitoka safi, kwa sababu kipimo hicho mtu akiwa amelala kinaweza kisionyeshe mshipa ulioanza kuziba. Daktari akiona haja, atampima akiwa anakimbia kwenye mashine, au ataagiza mishipa ipigwe picha ya CT scan. Ikibidi, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam tangu 2015.

Hela zitatoka wapi? Zinakotoka za ng'ombe wa bonanza. Mashine ya presha haifikii bei ya seti moja ya jezi. Chunya ileile iliyoipeleka KenGold Ligi Kuu msimu wa 2024/25 haiwezi kushindwa kumlipa posho mtaalamu wa afya akae kando ya uwanja na kupima watu kabla ya filimbi.

Waandaaji waweke sheria moja tu: asiye na kadi ya vipimo vya mwaka huu, hachezi, hata kama ndiye mdhamini.

Na yule anayehisi kifua kimebanwa, maumivu yanapanda taya au kushuka mkono, au pumzi inakata kuliko kawaida, atoke na apelekwe hospitali muda huohuo. Kuomba sabu si aibu. Aibu ni timu kusimama dakika moja kumkumbuka mtu ambaye mashine ya presha ingemwonya mapema.