Basi la umeme sawa, lakini lije kweli

Juzi nilifika kwenye testi nimechelewa dakika 20, shati linanuka dizeli. Daladala tatu zilinipita kituoni zimejaa hadi mlangoni. Ya nne niliingia kwa kusukumwa. Wanachuo wenzangu, hali hii mnaijua. Ndiyo maana nikisikia ubishi wa mabasi ya umeme pale kantini, nami nina la kusema: tuhamie, ila kwa akili.

Kwanza ni suala la mfuko. Dizeli tunaagiza nje. Ikipanda huko, nauli inapanda hapa, na boom linabaki lilelile. Umeme tunazalisha wenyewe: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115.

"Na umeme ukikatika je?" Swali zuri. Basi linaweza kuchajiwa usiku wa manane, watu wengi wakiwa wamelala na matumizi yameshuka. Kinachotakiwa ni laini ya uhakika hadi pale mabasi yanapolala.

Kwa hiyo tuanze na mwendokasi. Tangu 2016 mabasi hayo yana njia yake, vituo vyake na maegesho yake. Ila jamani, chaja zisifungwe bonde la Jangwani! Mafuriko ya pale yameshaharibu mabasi. Tusiyapelekee na betri.

Daladala ni habari nyingine. Dereva na konda wanahangaika kutwa kupata hesabu ya bosi. Bosi mwenyewe ana gari moja kuukuu. Ukimwambia kesho anunue basi la umeme, umemfukuza barabarani. Nairobi wametafuta njia: kampuni ya BasiGo, iliyoanza na majaribio mwaka 2022, inamwezesha mwenye basi kulipia betri na chaji kwa kilomita anazotembea, badala ya kubeba bei yote siku ya kwanza. Mpango wa namna hiyo hata hapa Dar unajadilika.

Ninachoogopa ni kimoja. Yakija mabasi 10 ya umeme na yakaondolewa 20 ya dizeli, tutavuta hewa safi tukiwa kwenye foleni ileile. Basi viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wakiitwa kutoa maoni, wasiishie kupiga picha na basi jipya. Waulize: yako mangapi, yanapita kila baada ya dakika ngapi, na nauli ni shilingi ngapi?