Ngoma Haikazwi kwa Misuli

Katika shule zetu imejengeka imani kwamba ngoma ya bendi ni chombo kisichohitaji sikio. Tarumbeta ina noti, filimbi ina noti, lakini ngoma, wanasema, ni ya kupigwa tu. Ikilegea ikazwe, ikipasuka wazazi wachangishwe. Imani hii naipinga, na naipinga kwa sababu wanaoadhibiwa kwa ajili yake ni watoto.

Nazungumzia hasa ile ngoma ndogo ya gwaride, yenye upana wa inchi 14 hivi, ambayo tumboni kwake zimepitishwa nyuzi za waya. Wengi hawajui kwamba ina ngozi mbili, wala kwamba ngozi hizo si sawa. Ya juu hupokea mkwiro, kwa hiyo ni nene. Ya chini haipigwi kamwe. Ni nyembamba, aghalabu kama theluthi ya unene wa mwenzake, na kazi yake ni kutikiswa na hewa inayosukumwa kutoka juu, nayo izitikise zile nyuzi. Huko ndiko unakotoka ule mlio mkali wa kukwaruza unaowafanya askari wanyooshe magoti. Ngozi ya chini ikilegea, nyuzi hukoroma. Nyuzi zenyewe zikibanwa kupita kiasi, ngoma hukabwa koo ikatoa sauti ya debe. Chombo chenye mambo mengi namna hii tumboni kitaachwaje mikononi mwa mvulana mwenye nguvu kuliko wote darasani?

Maana huyo ndiye anayepewa kazi. Hupewa koleo, kwa kuwa ufunguo wa ngoma ulipotea zamani, akaambiwa akaze mpaka basi. Huanza na skrubu iliyo karibu naye, akaimaliza, akaenda ya jirani yake, akazunguka hivyo hadi ya nane. Anapofika mwisho, upande mmoja umevutika na mwingine unapwaya. Fundi wa magari hafungi gurudumu hivyo. Hukaza nati hii kidogo, akavuka kwenda ya mkabala wake, kisha akarudi. Ngoma nayo inataka vivyo hivyo. Halafu ziachilie nyuzi kwa ule wenzo wa pembeni, ugonge taratibu karibu na kila skrubu, inchi mbili kutoka ukingoni, usikilize. Palipo na sauti ya chini, kaza. Palipo na ya juu, legeza. Hapo misuli haina kazi. Sisi chuo cha ualimu kilitufundisha kuimba do, re, mi kabla ya kuruhusiwa kushika kwaya, na sikio lile lile latosha.

Katika shule moja, ambayo sitaitaja, nilimkuta kijana ameondolewa kwenye bendi kwa kosa la kuwa na "mkono mzito". Alikwisha kuchapwa pia. Nikaiomba ngoma yake. Skrubu tatu za upande mmoja zilizunguka kwa vidole vyangu vitupu! Tulikaa nayo chini ya mwembe kwa muda wa robo saa, kisha kijana yule yule, kwa mikwiro ile ile, akapiga mvumo ambao mwalimu wake aliuliza ameufunzwa na nani.

Wapo wanaojibu kwamba ngoma za babu zetu hazikuwa na skrubu, na zilichezwa. Hao wananisaidia hoja. Mpigaji wa zamani aliisogeza ngoma motoni, akaigonga, akaisikiliza, akaisogeza tena. Alijua kwamba chapuo na vumi hazipewi sauti moja. Hata wale wa beni, waliokuwa wakiziiga bendi za askari katika miji ya pwani tangu miaka ya 1890, walishindana mbele ya watu wenye masikio. Anayekaza kwa koleo bila kusikiliza hakufuata mila wala uzungu.

Wengine husema ngozi za plastiki, zilizoenea tangu Remo Belli na wenziwe waanze kuziuza huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, zimeondoa taabu hiyo. Zimeondoa taabu ya mvua tu. Ngozi ya mnyama hulegea masika, na ukiikaza ikiwa na unyevu, jua likitoka hujivuta yenyewe hata ikapasuka. Plastiki haina matata hayo, lakini haijilinganishi yenyewe. Tena si kweli kwamba kukaza zaidi ni kupata sauti zaidi. Ili sauti ipande oktavu moja, mkazo wa ngozi huhitaji kuongezwa kama mara nne, na kabla ya kufika huko pete imepinda na skrubu zimekula meno. Watu hupenda kusema ngoma ikivuma sana hupasuka. Nyingi nilizoziona zimepasuka hazikuwahi kuvuma hata siku moja.

Imebaki hoja ya fedha, ambayo hutolewa na wakuu wa shule wenzangu kwa sauti ya huzuni. Ufunguo wa ngoma ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na bei yake haifikii bei ya ngozi moja. Ufungwe uzi, uvaliwe shingoni na mwalimu wa bendi mwenyewe, na mtoto yeyote asitolewe kwenye mstari kabla mwalimu huyo hajagonga kando ya skrubu zote nane.