Dokta Akikosea, Mnampeleka Wapi?

Mwezi huu tuweke mahaba kando kidogo, ingawa tutarudi humo humo. Kuna wanandoa nawafahamu, walimpoteza mtoto wodini. Mume anataka kumwanika daktari mtandaoni. Mke anasema yaishe, ni kazi ya Mungu. Sasa wanalala mzungu wa nne!

Mimi niliwaambia wote wawili, njia ipo. Huku Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2017. Jina hilo lisikushangaze, Zanzibar wana baraza lao. Hili ndilo linalomsajili daktari, na ndilo linaloweza kumnyang'anya usajili. Akionekana ana kosa anaweza kupewa onyo, kusimamishwa kwa muda, au kufutwa kabisa kwenye daftari. Lakini kwanza lazima asikilizwe. Kule mtandaoni mtu anahukumiwa kabla hajafungua mdomo. Na kama aliyekosea ni muuguzi au mkunga, wao wana baraza lao na sheria yao ya mwaka 2010.

Ila msidanganyane, baraza si mahali pa kudai fidia. Pesa inadaiwa mahakamani, na jinai inapelekwa polisi. Baraza linaangalia jambo moja: je, huyu anafaa kuendelea kushika wagonjwa?

Mnaukumbuka mkasa wa Novemba 2007 pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili? Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walichanganywa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka. Lakini makosa mengi hayafiki magazetini. Yanaishia chumbani, mke analia upande wake, mume ananuna upande wake.

Sasa basi, kama mna dukuduku, kaeni chini muandike malalamiko pamoja. Tarehe, hospitali, nani alifanya nini, na nakala za vyeti vyote mlivyopewa. Andikeni mlichokiona, matusi wekeni pembeni. Si kila lalamiko litasimama, maana mgonjwa anaweza kufariki hata pale daktari alipofanya kila kitu sawasawa. Lakini mtakuwa mmeuliza, tena kwa sauti moja. Mkishinda au mkishindwa, mtakuwa upande mmoja.

Tukutane mwezi ujao!