Fungeni mlango, lakini mtuambie nani ana ufunguo

Wengi wetu tunajua ile hali. Uko mu chumba cha ordinatere, pa masomo ama pa kazi, unaandika TFC yako. Unataka kubandika Zotero ndani ya Chrome ili ikusaidie kukusanya majina ya vitabu. Mashine inajibu: imezuiwa na msimamizi. Unauliza mtu wa enformatike, anakuambia: "Njo sheria." Sheria gani? Iliandikwa wapi? Hakuna jibu.

Tuseme ukweli kwanza: hatari iko. Kiongezo, kile kiprogramu kidogo kinachobandikwa ndani ya navigatere, mara nyingi kinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua: barua, pointi zako, hata konti ya benki. Mu mwezi wa pili 2021, Google iliondoa The Great Suspender, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kwa sababu ya programu mbaya ndani yake, kiisha kubadilisha mwenyewe. Mu mwezi wa 12 wa 2024, wezi walimdanganya mfanyakazi wa Cyberhaven, kampuni ambayo kazi yake ni kulinda data, wakaweka sumu mu kiongezo chake kilichotumiwa na watu karibu 400.000. Kwa hiyo, yule anayefunga mlango si adui yetu.

Lakini kuko kufunga na kufunga. Ndani ya Chrome, nyota moja tu (*) mu orodha ya makatazo inazuia viongezo vyote. Ni kazi ya dakika moja. Kuko pia orodha ya pili, ya vile vinavyoruhusiwa kiisha kuchunguzwa. Hiyo inaomba jasho: kusoma, kujaribu, kusikiliza watu. Pa fasi nyingi tunazojua, nyota imewekwa, orodha ya pili iko tupu.

Nani analipa? Mwanafunzi asiyeona vizuri, anayehitaji kiongezo cha kumsomea maandishi kwa sauti. Kijana wa staje ambaye, koneksio ya biro ikikatika, anaunganisha ordinatere kwa simu yake, kisha matangazo yanakula mega zake kwa sababu kizuia matangazo kimekatazwa. Sisi tuliokatwa unite juu ya RAM tunajua: mega ni pesa.

Tena kuko jambo tunaloongea kidogo. Anayeweza kukukataza anaweza pia kukubandikia kiongezo kwa nguvu, na wewe huwezi kukitoa. Kinasoma nini? Kinatuma wapi? Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006 kinalinda maisha ya siri ya mtu na mawasiliano yake. Kukaa mbele ya mashine ya mkubwa wa kazi hakufuti haki hiyo.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa masomo na wa kazi mambo manne:

1. Orodha ya viongezo vinavyoruhusiwa iandikwe, ibandikwe pale kila mtu anaona.
2. Kila katazo lipewe sababu, na kila ombi lijibiwe ndani ya siku 7.
3. Viongezo vya kusaidia walemavu vichunguzwe mbele ya vyote.
4. Watuambie vile walivyotubandikia, na vinaona nini.

Na wewe kijana, usipite dirishani. Ile fayili rafiki alikutumia kwa WhatsApp ili "kufungua" mashine inaweza kuwa mwizi mwenyewe, na rezo yote italipa. Fanya hivi: andika chrome://policy ndani ya Chrome, ama about:policies ndani ya Firefox. Utaona sheria zilizowekwa mu mashine ile. Ziandike. Kisha mkae pamoja, muandike barua, mutie sahihi, muipeleke ku biro na mubakie na kopi yenye muhuri.

Barua moja yenye sahihi 20 ni ngumu kuitupa. Tuanze wiki hii.