Jeki Kanywa Maji, Nimelewa Mimi!

Mikono yangu bado inanuka grisi hata baada ya kuifua kwa sabuni ya unga mara tatu. Sista mmoja niliyempa mkono juzi pale stendi alinusa kiganja chake, akaniuliza kama siku hizi nimefungua gereji. Kaa mkao wa kula nikupe mkanda mzima.

Mjomba wangu hapa Mafinga anaishi kwa tela. Siyo yale matela ya magogo mnayopishana nayo barabara ya Sao Hill, hapana. Ni tela dogo la tairi mbili, mtumba kutoka Marekani, linabeba jenereta, spika, viti na maturubai. Harusi lipo, kipaimara lipo, msibani lipo. Na lina ubishoo wake: mbele, kwenye mkono wa kuvutia, lina jeki ya umeme. Unabonyeza swichi, pua ya tela inapanda yenyewe. Pikapu inarudi nyuma, unabonyeza upande wa pili, pua inashuka na kukaa mahali pake. Watoto wa Kinyanambo wakijaa kutazama, kichwa kinanivimba utadhani nimeiunda mimi.

Februari mwaka huu mjomba akaenda Mbeya kutibiwa macho. Akaniachia funguo, akaniachia na mteja: mama mmoja mjane, anaoza binti yake wa pekee Jumamosi, ameshatanguliza laki mbili.

"Mpwa wangu," akasema mjomba, "hiyo laki mbili ndiyo ya dawa na miwani yangu. Usiiguse. Na huyo mama usimwangushe, alikuwa kikundi kimoja na marehemu shangazi yako."

"Ondoa shaka, mjomba," nikajibu. Mdomo haulipiwi kodi.

Basi bwana, wanaoijua Mafinga wanaijua mvua yake ya Februari. Hainyeshi ikaenda zake, inakaa kama mgeni aliyekuja na begi. Alhamisi asubuhi nabonyeza swichi: kimya. Nabonyeza tena: "tk!" Mara ya tatu nikasikia harufu ya kuungua, nikaachia haraka kama niliyeshika paka wa watu. Nikajaribu mpini wa kuzungusha kwa mkono, maana jeki hizi zina tundu juu la kazi hiyo umeme ukigoma. Wapi! Umekaza kama msumari kwenye mninga. Na mguu wa jeki ulikuwa umeshuka chini kabisa, kwa hiyo hata nikilifunga tela kwenye pikapu, mguu utaburuza lami.

Nikamwita kijana mmoja anayejiita fundi. Akaitazama jeki akiwa amesimama, mikono mfukoni, bisibisi hajaitoa.

"Bro, mota kimeo. Tunaagiza jeki mpya Dar. Lete advansi laki mbili niifuatilie leo leo."

Laki mbili! Utadhani alikuwepo mjomba akiaga. Mkono wangu ukaingia mfukoni kabisa. Kilichoniokoa ni simu. Mama wa harusi: "Mwanangu, viti vinafika saa ngapi?" Nikamwambia mapema sana, mama. Nikamwambia na yule kijana apite jioni.

Nikakimbilia kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari, anayeshinda na stata za malori ya mbao.

"Shikamoo, mzee. Jeki yangu imekufa."

"Marahaba. Umeifungua?"

"Hapana."

"Sasa maiti umeionaje?"

Alipofika hakugusa waya hata mmoja. Aliagiza mawe mbele na nyuma ya tairi, kisha vipande vya magogo chini ya fremu mpaka uzito wote ukatoka kwenye jeki. Magogo Mafinga hatukosi. "Jeki iliyokunywa maji usiiamini na mguu wako," akasema. Kisha akanishusha presha: "Harusi haina tatizo. Jeki imefungwa kwa bolti tatu. Ikigoma tunaing'oa, tunanyanyua pua kwa jeki ya pikapu, tela linaondoka. Kilicho hatarini hapa ni hela ya mgonjwa."

Nikatazama chini. Kumbe nilikuwa nanunua jeki kwa sababu ya woga.

Haya, wenye matela, pikapu za winchi na mashine za mota, chukueni kalamu.

Mzee alianza na chakula cha mota kabla ya mota yenyewe. Betri kwanza. Akaweka mita: volti 12.6, yaani imeshiba. Akaniambia nibonyeze swichi huku anatazama mita, maana betri mbovu husoma vizuri ikiwa imepumzika, ukiipa kazi inaanguka. Haikuanguka. Akaja kwenye fyuzi ya ampea 30: nzima. Nikamtania kwamba ingekuwa imeungua tungeweka kipande cha waya. Hakucheka. "Ukiweka waya, kitakachoungua safari ijayo ni tela."

Kisha akalala chini ya mkono wa tela. Jeki hii ina waya mmoja tu mnene kutoka betri, umeme unarudi kupitia bolti na chuma cha fremu. Bolti zilikuwa nyekundu kwa kutu. Akazilegeza, akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Nikabonyeza. "TK!" Safari hii kwa nguvu zaidi, lakini haizunguki. Wengi, akasema, huzika mota wakati mgonjwa ni hiyo bolti. Kwetu bolti ilikuwa mgonjwa wa kwanza, wa pili yuko ndani.

Akachomoa waya wa betri, akaniambia nipige picha za ndani kwa simu kila hatua. Skrubu nne, kifuniko kikatoka. Msomaji, yalimwagika maji nusu kikombe, rangi ya chai ya rangi! Akagusa mota kwa waya kutoka betri moja kwa moja, sekunde moja tu, bila kupitia swichi. Ikanguruma, haikuzunguka. "Ingezunguka, tungelaumu swichi. Imenguruma, basi imeshika. Na mota ikishika inashika na giya, ndiyo maana mpini wako ulikataa."

Halafu akainua macho juu ya jeki, kwenye lile tundu la mpini. Tupu.

"Kizibo cha mpira kiko wapi?"

"Sijui, mzee."

Hapo nilidanganya, na nakuungamia wewe kwanza. Januari, tukitoka kupiga muziki usiku wa manane, betri ilikuwa hoi. Nikachomoa kizibo, nikazungusha kwa mkono, kizibo nikakitia mfuko wa jaketi. Jaketi linaning'inia chumbani kwangu mpaka leo hii. Mwezi mzima mvua ilikuwa inaingia mle kama kwenye faneli.

Mzee hakusema kitu. Akachora mstari kwa msumari kwenye ganda la mota ili lirudi kama lilivyokuwa, akafungua bolti mbili ndefu. Ndani kaboni zilikuwa zimeganda kwenye nyumba zake kwa kutu, springi hazizisukumi. Ile shaba zinakosugulia ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Akaisugua taratibu kwa msasa laini wa mbao, siyo ule wa chuma, maana vumbi lake linaweza kupitisha umeme. Katikati ya vipande vya shaba akasafisha kwa kijiti cha kiberiti kilichochongwa. Kaboni akazisafisha mpaka zikateleza zenyewe. Grisi ya kwenye giya ilikuwa nyeupe kama losheni: hiyo ni grisi iliyochanganyika na maji, haifai tena. Tukaifuta yote, tukapaka mpya.

Mimi, mjuaji, nikaleta jiko la mkaa tuikaushe mota juu yake. Akanipiga kofi la mkono. Moto unaunguza vanishi ya waya, mota inakufa kweli. Jua ndilo zuri, lakini jua la Mafinga mwezi Februari ni la kuomba. Mota ikalala jikoni kwake, mbali na jiko umbali wa mkono mzima, usiku kucha.

Ijumaa mchana tukafunga kila kitu kwa kufuata picha. Kwanza tukajaribu bila uzito. "Uuuuuu!" Mguu ukapanda, ukashuka. Kisha na uzito: pua ikainuka kama bibi harusi anayeitwa jina. Nikaruka juu.

Mzee akapaka silikoni kwenye ukingo wa kifuniko, lakini tundu dogo la chini akaliacha wazi. Nikamuuliza kwa nini asizibe kote. "Maji yataingia tu, hata kwa jasho la baridi. Yape mlango wa kutokea." Akakata galoni la plastiki likawa kofia ya jeki. Akadai elfu thelathini. Nilipomlipa akaninong'oneza:

"Sasa nenda kachukue kizibo chako."

Alijua tangu mwanzo!

Jioni nikampigia mjomba Mbeya, nikamweleza yote, kizibo, jaketi, na jinsi hela yake ilivyonusurika kwenda Dar bila yeye. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema: "Mpwa, anayetibiwa macho ni mimi, kumbe kipofu ni wewe." Akacheka, akakata simu. Elfu thelathini ilitoka mfukoni mwangu, sikuthubutu kuitaja.

Jumamosi viti vilifika saa mbili asubuhi, na yule mama alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Mimi nilikaa karibu na jenereta, kila baada ya nyimbo tatu naenda mbele ya tela kukigusa kizibo kama kipo.

Kwa hiyo, mshkaji, mtu akikuuzia jeki mpya kabla hajafungua ya zamani, muulize swali la mzee: maiti umeionaje? Na kabla hujamlaumu mvua, kagua mifuko ya jaketi lako.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ngoja nikanunue sabuni nyingine.