Maji ya Samaki na Tangi ya Chini



Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya alifika kwangu jioni. Aliona akwariumu kubwa mahali fulani karibu na ziwa, na sasa mwenye nyumba moja ya wageni amemwahidi kazi ya kutengeneza nyingine. Mama yake, anayeuza sambaza sokoni, yuko tayari kumkopesha akiba yake yote ili anunue vioo na pompa. Kijana akaniuliza: "Pasta, ile tangi ya chini iko na kazi gani?" Nikamwambia asiguse feza ya mama mpaka tumalize kuongea. Wewe pia unayetaka kazi hii, keti kidogo.

Kwanza uzito. Tangi ya urefu wa metre 1.5, upana sentimetre 60 na kimo sentimetre 60 inachukua litre 540. Hizo ni bidoni 27, na kila litre ni kilo moja. Usiiweke juu ya sakafu ya mbao, kama zile za nyumba zetu nyingi zilizojengwa juu ya mawe ya volkano. Tafuta sakafu ya simenti.

Sasa tangi ya chini. Samaki anakula, anakunya, anakojoa, na maji ni yale yale. Uchafu wake unatoa amonia, na amonia ni sumu. Katika maji ya pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki sehemu 1 kwa 100. Lakini maji ya juu ya Ziwa Kivu yako karibu pH 9, na hapo karibu theluthi moja inakuwa sumu. Ndiyo maana rafiki akikuambia kwamba huko Ulaya samaki wake wanaishi bila shida na uchafu kidogo, usimfuate. Maji yake si maji yetu.

Dawa yake ni bakteria. Aina moja inageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nyingine inageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanataka hewa, na wanataka mahali pa kushika. Hapa Goma tumebarikiwa: jiwe la volkano lenye matundu matundu, lile linalotuchania viatu, watu wa nchi nyingine wanalinunua kwa ajili ya kazi hii. Livunje vipande vya ukubwa wa yai, lisafishe sana mpaka maji yatoke bila vumbi.

Maji yanashuka kwa tiyo kutoka juu, yanapita kwenye sponji inayokamata mavi na mabaki ya chakula, yanapita katikati ya mawe, kisha yanafika chumba cha mwisho ambako pompa inayarudisha juu. Pompa ya litre 2,000 mpaka 2,500 kwa saa inatosha tangi hiyo, lakini uliza inatoa kiasi gani ikipandisha metre moja na nusu, maana nguvu inapungua kwa kimo. Weka tiyo mbili za kushusha, sio moja. Siku jani litakapoziba ya kwanza, ya pili itaokoa nyumba. Na kama kioo ni kile kilichochomwa kuwa kigumu, usikitoboe; kitapasuka chote vipande vipande.

Mimi ya kwangu niliijenga vizuri, nikajisifu, nikaenda kulala. Usiku umeme ukakatika. Mtoto ndiye aliyeniamsha: "Papa, maji iko napita chini ya kitanda!" Tiyo ya kurudisha maji niliizamisha sentimetre 20 ndani ya tangi ya juu. Pompa iliposimama, tiyo ile ile ikaanza kunyonya maji kwenda chini. Piga hesabu: 150 mara 60 mara 20 ni litre 180. Tangi yangu ya chini ilikuwa na nafasi ya litre 60 tu. Bidoni 6 zilienda sakafuni, na mama wa nyumba hakunisemesha mpaka saa sita ya mchana.

Dawa ni tundu dogo katika tiyo ile, chini kidogo tu ya uso wa maji. Maji yakishuka hapo, hewa inaingia, kunyonya kunakoma. Lichunguze kila juma, maana uchafu unaliziba.

Usijaze samaki siku ya kwanza. Bakteria wanahitaji majuma 4 mpaka 6. Anza na samaki wawili, watatu. Na maji yaliyotiwa dawa ya kipindupindu kwenye bidoni ni mazuri kwa watoto wako, lakini klori inaua samaki na bakteria pia. Yaache wazi siku mbili, uyakoroge mara kwa mara. Sponji na mawe uyasafishe kwa maji ya tangi yenyewe, wala si ya bomba.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, siku chache baadaye tulikimbilia Sake. Tuliporudi, mawe yalinuka kama yai bovu, samaki wote walikuwa wamekufa. Umeme ukikosa kwa siku nyingi, usiwashe pompa hivi hivi: mwaga kwanza maji ya tangi ya chini, osha mawe, anza upya. Ukikosa saa chache, chota maji kwa kikombe, uyamimine kutoka juu ili yapate hewa.

Jumamosi iliyopita tulifanya jaribio kwenye veranda, na beseni kubwa juu, lingine chini, tiyo na pompa ya kuazima. Tulizima mara sita. Kila mara maji yalipanda mpaka vidole viwili chini ya ukingo, yakasimama. Mama yake alikuwa mlangoni akitazama, bado ana kitambaa cha soko. Baada ya mara ya sita akauliza kioo kinauzwa bei gani.