Stima Ikipotea Kisii, Kazi Yako Isiende Nayo

Mtu akikufundisha kuandika programu hapa Kisii ama Nyamira, asianze na rangi za kuremba terminali. Aanze na hili: stima ikipotea sasa hivi, utarudije pale ulipokuwa?

Wengine mtasema hizo ni kelele za watu wa kompyuta. Lakini si tuongee ukweli. Huku kwetu mvua ya mchana ni kama kengele ya shule, na haiji bila radi. Taa zinaenda bila kupiga hodi. Na si sisi peke yetu: Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala giza, na Desemba 10 mwaka huo huo tukarudia.

Mwenye laptopu mpya anangoja tu. Sasa fikiria kijana wa Keroka mwenye mashine ya mitumba, betri yake ilikufa hata kabla hajainunua. Ama yule anayelipia kompyuta ya mezani kwa saa pale saiba. Stima ikikatika sekunde moja tu, imeisha.

Na kinachouma sana si faili. Faili labda ulisave. Kinachopotea ni mpangilio: vidirisha vinne, faili saba wazi, kila moja kwa mstari uliokuwa unaurekebisha, kila kidirisha kwa folda yake. Kupanga hayo upya kunakula muda, na saiba muda ni pesa. Mbaya zaidi, ukimaliza kupanga umesahau ulikuwa unawaza nini.

Wengi wanadhani tmux imemaliza hii shida. Haijamaliza. tmux inagawa terminali moja iwe vyumba vingi, na ukiwa umeingia kwa seva ya mbali intaneti ikatike, utapata kila kitu kinakungoja huko. Safi. Lakini vyumba hivyo vinaishi kwa RAM. Mashine inayoendesha tmux ikizima, vyote vimekufa.

Dawa ipo na ni ya bure: plagini inayoitwa tmux-resurrect. Bonyeza Ctrl-b, kisha Ctrl-s, na inaandika kwa diski vyumba vyako, folda zake na programu zilizokuwa zinafanya kazi. Mashine ikiwaka, fungua tmux, bonyeza Ctrl-b kisha Ctrl-r. Vyumba vinarudi.

Sasa shika hapa, ndipo watu hukwama. Resurrect itakufungulia Vim, lakini haijui vile ulikuwa umepanga faili zako huko ndani. Hiyo siri anaijua Vim mwenyewe. Amri ya :mksession inaandika mpangilio wote kwa faili inayoitwa Session.vim. Halafu weka mstari huu kwa .tmux.conf yako:

set -g @resurrect-strategy-vim 'session'

Wa Neovim, badilisha vim iwe nvim. Kuanzia hapo, resurrect ikipata Session.vim kwa folda uliyokuwa, inafungua Vim kwa kutumia mpangilio huo.

Lakini :mksession ni kama kupiga picha: aliyeingia baadaye hayumo. Ndiyo maana kuna vim-obsession ya Tim Pope. Andika :Obsess mara moja, na itaendelea kuandika upya hiyo Session.vim ukifanya kazi. Kwa upande wa tmux, ongeza tmux-continuum, inayosave yenyewe kila dakika 15. Kwa hali ya hewa yetu, mimi nimeiweka 5.

Na msidanganywe. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotunza maneno ambayo hujasave. Hiyo ni kazi ya :w, na ukichelewa, faili ya swap ya Vim inaweza kukuokoa kwa vim -r. Seva uliyokuwa unajaribia tovuti yako pia utaiwasha mwenyewe, isipokuwa uiongeze kwa orodha ya resurrect. Resurrect inarudisha meza na viti. Chakula ni juu yako.

Kuna atakayeniambia ninunue UPS. Sawa, nitumie pesa. Mwingine atasema VS Code inakumbuka yenyewe, hata maandishi ambayo hujasave. Ni kweli, na kama mashine yako inaibeba, itumie. Lakini kwa mashine nzee ya RAM ya GB 4, Vim na tmux zinakimbia bila kukohoa, na hizo ndizo mashine wengi wetu tunaanza nazo.

Tena msiniambie hivi ni vitu vya watu wa mbali. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi mwaka mzima Kibaale, kusini mwa Uganda, kwenye kituo cha watoto. Kwa miaka mingi ukurasa wa kwanza wa Vim umekuwa ukiomba watu wasaidie watoto wa Uganda. Hii programu ina mguu Afrika Mashariki.

Mama anayeuza ndizi Daraja Mbili hangoji mvua ianze ndiyo atafute karatasi ya kufunika. Anaikunja kando ya meza asubuhi, jua likiwaka. Sisi tunaojiita wataalamu tunangoja radi.

Basi leo, kabla mawingu hayajakusanyika, save kila kitu, kisha ua tmux makusudi kwa tmux kill-server. Ifungue tena uone nini kitarudi. Kisichorudi leo ukiwa na stima, hakitarudi siku ya giza. Na ukishaweza, mfunze mmoja: yule wa mashine ya betri iliyokufa. Yeye ndiye anaihitaji kutuliko sisi wote.